Kitabu cha Tatu cha Mbuke

2 Agosti 1974

Daftari hili lililetwa kuandikia mahudhurio ya kisomo cha watu wazima. Wanafunzi wangu ni kumi na wanne, wote wanawake, maana wanaume wa hapa wanasema herufi hazijazi tumbo. Mahudhurio ya watu kumi na wanne hayawezi kumaliza daftari zima, basi kurasa zilizobaki nimejigawia mwenyewe.

Kijiji kina wiki saba. Kabla ya Operesheni ya kuhamishiwa vijijini kila mtu alikaa kwake huko vilimani, na ng'ombe wake na makaburi yake. Sasa tumepangwa mistari upande huu wa Kabasa, nyumba za nyasi, mlango kwa mlango, jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani. Mimi Dafroza, mtoto wa mvuvi wa Kibara, nimeletwa kuwafundisha a e i o u. Nina miaka ishirini na moja na kila mtu ananiita Mwalimu, hata vikongwe. Sitasema uongo, napenda.

5 Agosti

Unga wa yanga tena, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Unakaba koo.

9 Agosti

Leo niandike habari ya Mbuke, maana bila Mbuke nisingekuwa na mwanafunzi hata mmoja.

Nilikuja na vitabu viwili vyangu mwenyewe, vya mtunzi anayeitwa P. Jilala, anayeandikia vijana. Cha kwanza ni Mbuke wa Darasa la Saba, cha pili Mbuke Aolewa. Wiki ya kwanza nilifundisha herufi wakasinzia wote. Wiki ya pili nikawasomea ukurasa mmoja wa Mbuke ili wazinduke, na hawajasinzia tena mpaka leo. Asubuhi wanachuma pamba. Saa tisa tunakaa kwenye kivuli cha ghala wakichambua, safi huku, fifi kule, nami nasoma. Tumejiwekea sheria: atakayekatiza hadithi anaongezewa kikapu cha fifi, ile pamba chafu yenye majani na wadudu. Gati ndiye anayepata vikapu vingi kuliko wote.

Mbuke wanamjua kuliko wanavyowajua majirani. Dorkas amempa mbwa wake jina la Mabula, yule mume mbaya wa Mbuke, apate kumpiga teke kwa haki. Ugomvi mkubwa ni kama Jilala ni mwanaume au mwanamke, maana kitabu hakisemi. Mama Hyasinta, mjane, mkubwa wetu kwa umri, ameshaamua.

"Mwanaume gani anajuaga maziwa yanavyouma ukimwachisha mtoto? Huyo ni mama mwenzetu."

"Labda aliulizaga mke wake," akasema Gati.

"Mwanaume kuuliza mke? Ongeza fifi!"

14 Agosti

Tumemaliza kitabu cha pili, mara ya tatu. Kinaishia Mbuke amesimama njia panda, mvua inanyesha, kitita kichwani, nyuma kwa Mabula, mbele hajui. Chini yake wameandika: kitabu cha tatu kitatoka hivi karibuni. Dorkas alilia. Wankyo hakulia, aliendelea kuchambua pamba ambayo ilikwisha kuchambuliwa.

Wankyo ni mke wa pili wa Ngolo. Ana miaka kumi na tisa. Gati ni wifi yake, dada wa Ngolo, na nina hakika anakuja kisomoni kumlinda Wankyo kuliko kusoma. Lakini kwa Mbuke amenasa kama wengine.

20 Agosti

Tumemwandikia Jilala barua, tukaipeleka posta ya Bunda. Kila mmoja alisema neno lake nikaandika. Gati: "Mwambie Mabula afe." Mama Hyasinta: "Mwambie asikawie, sisi wengine ni wazee." Wankyo alikuwa wa mwisho. "Muulize Mbuke ataenda wapi."

2 Septemba

Wankyo amekuja na jicho limevimba. Amesema ni mlango. Nyumba zetu hazina milango, zina mikeka.

11 Septemba

Wankyo amenizoea. Akija kisimani mapema ananisimulia habari za baba yake, Mzee Magige, anayekaa upande wa Butiama. Nampenda mzee huyo bila kumwona. Husokota kamba za katani hata akiwa anaongea na wageni, na akifika kwenye neno zito huisimamisha kamba kwa dole gumba. Wankyo amepewa jina la mama mzazi wa mzee huyo, basi mzee hajamwita kwa jina tangu azaliwe. Humwita "mama yangu". Akimkosea husema, "Mama yangu, leo umeninyima chakula."

Hakuna anayesimulia vizuri kama Wankyo. Kama angekuwa na kalamu, Jilala angetafuta kazi nyingine.

21 Septemba

Naitwa Musoma, semina ya walimu wa kisomo, siku tatu. Wanafunzi wote wamenituma kitabu cha tatu. Wameimba! Mimi nami nikajitutumua, nikasema sirudi mikono mitupu.

Jioni Wankyo akanifuata peke yake. Niandike maneno yake kama alivyosema.

"Mwalimu, lori likirudi linapitaga njia ya Butiama. Shuka, uende kwa baba. Mwambie napigwa. Mwambie siyo vile wanawake wote wanapigwaga, mimi napigwa ya kuuawa. Sitakimbia bila neno lake. Akisema kaa, nitakaa. Akisema njoo, nitakuja. Nangoja neno lake tu."

Nikamwapia kwa Bikira Maria.

25 Septemba

Musoma. Tumelala darasani, shule ya Mwisenge. Semina imenichosha. Kila baada ya chakula nimezunguka maduka. Kitabu cha tatu hakipo. Muuza vitabu mmoja alicheka. "Dada, karatasi yenyewe hakuna nchini. Hicho cha tatu subiri mwakani, au usisubiri."

26 Septemba

Nimerudi. Lori la pamba liliniweka mbele na dereva, kiti kizuri. Pale njia panda ya Butiama dereva akauliza kama nashuka. Jua lilikuwa kali, mguu wangu una lengelenge, na kutoka pale ni mwendo wa saa nyingi, halafu nirudi Bunda kwa miguu au nilale kwa watu nisiowajua. Nikasema twende tu. Nilijiambia nitakwenda mwezi ujao nikiwa nimepumzika. Mwezi si mbali.

Nilipofika kijijini wote walinizunguka. Wankyo alikuwa nyuma, na Gati ubavuni kwake. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Nyumbani wazima?" Nikasema, "Wazima wote, wanakusalimu. Mengine nitakuambia." Macho yake yalivyong'aa!

Nitamtafuta nimwambie ukweli. Leo nimechoka.

Kuhusu kitabu nilisema: nimekipata, lakini mwenye duka hakukubali kitoke, nimenakili sura chache kwa mkono. Sijui ilitoka wapi. Ilitoka tu, na walivyopiga vigelegele haikuwezekana tena kuirudisha.

27 Septemba

Basi lazima niandike sura. Nimeandika tangu alfajiri. Mbona si kazi ngumu! Nimeshika mwendo wa Jilala kabisa.

30 Septemba

Wankyo amekuja kisimani mara mbili. Mara zote nimepitia njia ya juu.

3 Oktoba

Nimesoma sura ya kwanza. Hakuna aliyeshuku. Dorkas amesema Jilala safari hii ameandika vizuri kuliko zamani. Usingizi sikuupata kwa furaha.

4 Oktoba

Sura ya pili leo. Mbuke anatoka njia panda, anakwenda kwa baba yake. Nilihitaji baba, nami baba nilikuwa naye tayari, nikamtia. Anasokota kamba za katani. Anamwita bintiye mama yangu. Mbuke anafika na mvua, baba anasimamisha kamba kwa dole gumba na kusema: "Mama yangu, rudi nyumbani. Ng'ombe ni wanyama, wewe ni mtu. Njoo leo, usingoje kesho. Mlango wangu haujui kufungwa mbele yako."

Nilisoma vizuri mpaka mimi mwenyewe nywele zikanisimama. Mikono yote ilikuwa imeacha pamba. Mama Hyasinta peke yake akakohoa.

"Huyo baba ni wa wapi? Ng'ombe zilizomwoa Mbuke si zilishaenda? Huku kwetu ng'ombe haikaagi zizini. Ikiingia kwa binti inatoka kwa kaka yake, inaoa. Binti akirudi hivi hivi bila wazee kutangulia, mke wa kaka anarudishwa kwao na watoto wanabaki wanalia. Baba hawezi kusema njoo leo. Lazima apate habari kwanza, atume ndugu wakaongee kwa mume, ijulikane mwenye kosa nani. Ndiyo hata ng'ombe zinasamehewa."

Nilikasirika. Sisi watu wa ziwani mambo haya hatuyatilii sana maanani, na sikupenda kufundishwa hadithi yangu. Nikamwambia amekatiza, nikamwongezea kikapu cha fifi. Wote wakacheka. Alikichukua akachambua kimya kimya.

Wankyo hakucheka. Alikuwa ananitazama tu. Wakati wa kuondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante Mwalimu." Nilifikiri anasifu sura.

5 Oktoba

Wankyo hayupo.

6 Oktoba, Jumapili

Hayupo. Ngolo amezunguka nyumba zote na fimbo. Kwangu aliingia bila hodi, akafunua hata mkeka wa kulalia. Gati alikuwa mlangoni ananitazama. Akasema taratibu, "Mbuke amefika kwa baba yake, siyo?"

Nimekaa na wazo moja siku nzima nikilifukuza, na sasa linarudi: ameondoka kwa sababu ya sura yangu. Lakini Wankyo si mtoto. Anajua hadithi ni hadithi. Wote wanajua.

8 Oktoba

Ngolo na kaka zake wawili wamekwenda Butiama.

9 Oktoba

Sikusoma. Nimesema naumwa. Kweli naumwa.

12 Oktoba

Wamemrudisha. Alitembea mbele yao katikati ya mistari ya nyumba, hakuna aliyemfunga kamba, hakukuwa na haja. Nilimwona usoni. Hakutazama kwangu.

Dorkas kasikia kwa mmoja wa wale kaka: Mzee Magige aliitisha wazee, wakakaa, na mwisho mzee mwenyewe akamkabidhi mumewe.

13 Oktoba

Ilikuwa saa sita mchana. Kijiji chetu kimepangwa vizuri, mlango kwa mlango, hakuna kinachopotea. Tulisikia kila fimbo. Tulimsikia akiita kwanza jina la Ngolo, halafu jina la mama yake, halafu hakuita mtu. Kupitia upenyo wa mkeka nilimwona Mama Hyasinta ametoka, anakwenda, wanaume wakamrudisha. Mwenyekiti, Bwana Pastory, alikuwa kwake anakula. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, mikono nimeikunja mapajani. Nilihesabu mpaka mia nne, kama mtoto wa shule kabisa, ili nisisikie. Sikutoka. Naandika hapa ili niwe nimesema mahali: sikutoka.

14 Oktoba

Mvua ya kwanza. Pamba ya Dorkas iliyokuwa nje imelowa.

17 Oktoba

Gati amekuja kwangu. Nilidhani amekuja kunitukana. Amekaa, akasema, "Anakuita. Ngolo kaenda Bunda. Fanya haraka." Gati amekonda. Amesema ni yeye anayemwosha.

Nilikwenda. Wankyo amelala upande, tumbo limevimba, gumu. Nilisema maneno ya kijinga, pole, utapona. Akangoja nimalize.

"Mwalimu, nataka kujua kitu. Baba alibadilisha neno, au?"

Nikamuuliza neno gani.

"Lile ulilolileta. Wenzangu walidhani ni kitabu. Mimi nilijua ni neno la baba, umeliweka ndani ya kitabu kwa sababu wifi alikuwa anakaaga pale, usingeweza kuniambia wazi. Kamba ya katani. Mama yangu. Nani mwingine anasemaga hivyo? Nikasema, huyu Mwalimu ana akili. Kumbe nilipofika akaniuliza, nani amekuambia uje? Nikasema wewe, baba, umemwambia Mwalimu. Akasema hajaona mwalimu yeyote. Nikaapa. Akasema mbele ya wazee wote, binti huyu amejifunza uongo kwa Ngolo, kwangu hakuwaga mwongo."

Akapumzika. Kisha: "Alisahau? Amezeeka hivyo?"

Gati alikuwa amesimama pale pale. Wankyo ananitazama, anangoja. Ningesema. Midomo niliifungua. Nikasema, "Pumzika, Wankyo, tutaongea ukipona."

Gati alinitazama mara moja tu, akajua.

20 Oktoba, Jumapili

Nimekwenda kwa Bwana Pastory, aombe gari Bunda limpeleke Wankyo hospitali. Alisema ana barua ya kuandika kuhusu mbolea. Nikakaa mlangoni kwake mpaka akaandika barua yangu kwanza.

22 Oktoba

Mvua. Gari lilikuja, likakwama mtoni, likarudi. Tulitaka kumbeba kwa machela ya mikeka, mto umejaa. Ngolo naye anazunguka anauliza nani amemroga mke wake.

23 Oktoba

Mvua.

24 Oktoba

Wankyo amefariki leo asubuhi. Nilikuwa njiani kwenda kumwambia ukweli. Nilikuwa nimeshaupanga, neno la kwanza na la pili. Nilimkuta Gati ameketi nje kwenye tope, kitambaa cha kuoshea bado kiko mkononi.

Mwenyekiti ameandika katika kitabu chake: homa.

27 Oktoba

Nimekaa siku tatu bila kuandika, na leo nitaandika mpaka mwisho.

Tumemzika juzi kwenye eneo jipya la makaburi ya kijiji, kaburi la kwanza. Mzee Magige alifika jana, baada ya mazishi, kwa miguu, na mke wake na ndugu wawili. Ni mfupi kuliko nilivyomwandika. Hakuwa na kamba mkononi. Alikwenda kaburini, akasimama, akarudi akakaa na wazee kwenye kivuli cha ghala. Halafu akasema anamtaka mwalimu.

Nilikwenda. Wanawake wote walikuwa pale, kisomo kizima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye Mwalimu?"

"Ndiyo, baba."

"Mwanangu alisema wewe ulikuja kwangu ukabeba neno langu. Mimi nilimkana. Nimetembea njia nzima najiuliza kama kichwa changu kimekufa. Mke wangu anasema labda ulikuja siku nimelewa. Niambie. Ulikuja?"

Nilimwona Gati. Nilimwona Mama Hyasinta ameinamisha uso. Kama ningesema nilikuja, mzee angeamini kwamba amesahau, na kijiji kingeamini, na mimi ningebaki Mwalimu. Jibu hilo lilikuwa jepesi, limekaa ulimini tayari.

"Sikuja, baba. Alinituma nije nikwambie anapigwa, anangoja neno lako. Nilipita na lori, sikushuka. Nilichoka."



"Na neno?"

"Niliandika mwenyewe. Ilikuwa hadithi. Kitabu cha Jilala hakikuwepo Musoma. Hata hicho ni uongo wangu." Hapo Dorkas alitoa sauti, kama mtu aliyechomwa.

Mzee aliniambia nilete karatasi. Nilizileta. Akasema, "Soma. Nataka kusikia nilisema nini."

Nikasoma. Nimesoma sura ile mara nyingi, sikuwahi kuisoma vibaya namna hiyo. Nilipofika kwenye kamba na dole gumba, mama yake Wankyo alianza kulia kwa sauti, mzee akamgusa goti anyamaze. Nikasoma mama yangu rudi nyumbani. Nikasoma mlango wangu haujui kufungwa. Nikamaliza.



"Mimi sijui kusemaga maneno mazuri hivyo," akasema mzee. "Njoo leo, hapana. Nisingesema njoo leo. Ningepata habari, ningekuja mimi mwenyewe na hawa ndugu zangu wawili. Tungekaa mlangoni kwa Ngolo, hatuli, hatunywi, mpaka aseme neno mbele ya watu. Ningemchukua kwa mkono wangu. Ng'ombe tungejua mbele ya safari." Akanyoosha vidole vyake, akavitazama. "Alivyokuja peke yake nilidhani ametoroka na mwanaume. Nilimwita mwongo, na ndilo neno langu alilobaki nalo."

Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Jua lilikuwa limefika kwenye miguu ya wanawake, hakuna aliyesogea. Mara ya tatu sauti ilikatika pale kwenye mama yangu, na nikashindwa. Mzee hakunikaripia. Aliingojea kidogo, akaona haiji, akamalizia mwenyewe kutoka kichwani, sentensi zote mpaka ya mwisho, taratibu, akilitazama kaburi.